Dada Aliyekataliwa na Shayiri

Kiwanda chetu cha bia ni kidogo kiasi kwamba mgeni akiambiwa "hiki ndicho kiwanda" hugeuka kutafuta kingine. Ni banda moja la bati nje kidogo ya Kahama, upande wa kwenda Buzwagi, lenye chumba cha baridi, majiko mawili ya gesi, na ua wenye mabenchi ambako watu huja kunywa Jumamosi. Yalikuwemo matangi manne. Matatu yalikuwa ya bia, na la nne ndilo lililotugombanisha.

Watu huniuliza ilikuwaje wapika bia ya shayiri tukaanza kuhangaika na kinywaji cha mananasi. Mimi huwajibu kwa mkato kwamba ni biashara tu, maana sina subira ya maelezo marefu mbele ya wateja. Lakini si kweli. Haikuwa biashara, ilikuwa ni dada yangu, na nataka angalau mara moja niliseme vizuri.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Dada alikuwa msichana mkubwa, wenzake wanaposwa mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki nyumbani kwetu Ngokolo, akapika pombe ya mtama nyuma ya nyumba, akaninunulia sare, madaftari, viatu, na baadaye akanilipia chuo, vyote kwa pombe hiyo. Shuleni waliniita mtoto wa pombe. Nilikuwa nikipita njia ya mbali ili nisionekane nikitokea kwenye ua wenye walevi. Leo ninaionea aibu ile aibu yangu, na ninajua kwamba hakuna asante itakayotosha, lakini hiyo si sababu ya kutoitoa.

Chuoni nilisomea usindikaji wa vyakula. Huko nikampata mume wangu, mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, mpole, mtu anayepima mara mbili hata urefu wa kamba ya kuanikia nguo. Tulipoanzisha kiwanda, tulijua vitabu vinasema nini kuhusu bia, lakini bia yenyewe ilikuwa haitujui. Pipa la kwanza lilikuwa chungu, la pili lilikuwa maji. Nikampigia dada simu. Wakati huo alikuwa Masumbwe, alikokuwa ameolewa kwa kuchelewa na kufiwa na mume mapema. Alikuja na begi moja na mwiko wake. Akazunguka banda zima kimya, akagusa tangi kwa kiganja, akasema, "Mnaichemsha kama maharage." Kuanzia siku hiyo akawa mpishi mkuu, na bia yetu ikaanza kuwa bia.

Sasa, kwetu Usukumani mwenye pombe haikabidhi kwa mgeni mpaka anywe yeye kwanza. Tunasema anatoa sumu. Hakuna anayeona ni matusi kuitaka wala kuifanya; ni adabu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Sisi tulihamia kwenye chupa na matangi, lakini desturi hiyo tulihama nayo. Kila Jumamosi, pipa jipya likifunguliwa, dada alijaza kibuyu kidogo, akanywa mbele ya watu wote mpaka nusu, akajifuta povu, akasema, "Haya, sijafa, kunyweni." Watu walicheka na kujipanga. Wapo waliokuja kwa ajili ya maneno hayo tu.

Ugonjwa wake ulianza polepole. Tumbo kujaa, kuharisha, kukonda. Tulimtibu minyoo. Tulimtibu taifodi mara mbili, vidonda vya tumbo mara tatu. Jirani alituletea dawa ya mizizi iliyomfanya atapike siku nzima, na jirani huyo sijamsamehe. Dada akawa anashikilia ukuta akisimama. Mwisho tukampeleka Mwanza, kwa daktari bingwa wa tumbo, wakampitisha mpira wenye kamera, wakakata kinyama wakapima. Daktari akatuchorea utumbo kwenye karatasi, akaeleza kwamba kuna kitu ndani ya ngano na shayiri kinaitwa gluteni, kile kinachofanya unga wa chapati uvutike, na kwamba mwili wa dada ukikiona unapigana na utumbo wake wenyewe.

"Basi nipunguze," dada akasema.

"Usipunguze, mama. Uache. Hata kijiko kimoja usiguse."

Dada akanitazama, nikamtazama. Chapati angeacha, hiyo haikuwa shida. Lakini bia ni shayiri.

Alirudi kazini akiwa ameacha ngano, ameacha kusaga kimea, ile shayiri iliyooteshwa, amejifunga kitambaa puani. Akaanza kunenepa, nikamshukuru Mungu kwa kila kilo. Kupika aliweza, kwa macho na kwa pua. Kuonja nikaonja mimi, nikimweleza: chungu kidogo, tamu mwishoni, nzito. Akarekebisha kwa maneno yangu. Siku za kazi hilo lilitosha. Jumamosi halikutosha.

Jumamosi ya kwanza alijaza kibuyu, akakipeleka mdomoni, akakishusha, akajifuta povu. Nikadhani tumepona. Mbele kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja aliyekuwa mchimbaji, mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kwenye maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji wadogo, na macho yake yamezoea kuona punje ya dhahabu gizani. Akamwita mama kwa Kisukuma, kwa upole sana: "Mayu, hicho kibuyu hakijapungua."

"Kimepungua, mzee wangu."

"Hakijapungua." Akaweka kikombe chake chini ya benchi. Hakugomba. Aliaga vizuri, akaulizia hali ya nyumbani, akaondoka. Waliokuwa pembeni yake nao wakakumbuka shughuli zao. Mimi nikakurupuka, nikakinyakua kibuyu nikanywa chote, nikasema kwa sauti, "Haya, mimi je?" Wachache walikunywa. Lakini mtu anayepika ni yule, na anayekunywa ni huyu. Nani asiyejua hesabu hiyo? Wiki hiyo nikasikia sokoni kwamba yule mama wa bia ana kitu anaweka, ndiyo maana haonji.

Ungeweza kuwaeleza kuhusu gluteni. Nilijaribu. Mama mmoja muuza samaki alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo ni sumu kwake, lakini kwetu si sumu?"

Dada hakulalamika. Alianza tu kukaa ndani siku za Jumamosi, akipanga chupa tupu zilizokwisha kupangwa. Nilipomfuata siku moja akaniambia, "Mpishi asiyekunywa pombe yake ni mtumishi. Mimi si mtumishi, mdogo wangu. Nikishindwa kutoa sumu, nitaacha kupika." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Dada akikasirika huwa bado yupo.

Hapo ndipo nikaja na wazo la saida. Saida ni kinywaji cha matunda kilichochachushwa, chepesi, chenye povu, wazungu wa migodini walikuwa wakikiulizia. Kwao hutengenezwa kwa tufaha. Sisi tufaha tunaziona dukani zimebandikwa karatasi. Lakini tuna mananasi kutoka upande wa Geita, matamu mpaka nyuki wanafuata gari. Nanasi halina gluteni. Dada angepika na kunywa.

Mume wangu alikataa, na sababu zake zilikuwa nzuri, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Tangi la nne tulikuwa tumelinunua kwa ajili ya bia, na bia ilikuwa haiwatoshi wateja. Kibali tulichonacho kilikuwa cha bia. "Na nani Kahama anauliza habari za gluteni?" akasema. "Taja mtu mmoja."

"Mmoja. Analala chumba cha nyuma."

Akauliza, "Kwa nini asipike mtama, basi? Mtama hauna hicho kitu."

Dada alikuwa mlangoni, ametusikia. "Shemeji, mtama kila nyumba inapika. Nimeupika miaka thelathini, unanijua na ninaujua. Nikifika mahali pa kuanza upya, niache nianze kitu ambacho bado hakijanichosha."

"Shemeji, wewe unataka kutufilisi."

"Ninyi watu wa Ushirombo mmezaliwa mmefilisika, mimi nakusaidia tu kuzoea."

Mume wangu akacheka, hakuwa na la kufanya. Shemeji ni shemeji. Tukakubaliana hivi: tutengeneze tangi moja la majaribio, tuwaalike wenye baa na wateja wa Jumamosi, wanywe waseme. Wakilipenda, tutaomba kibali na tangi la nne litakuwa la mananasi. Wasipolipenda, tusilizungumze tena. Mume wangu akatoa mkono, dada akaushika, wakapeana kama watu waliouziana ng'ombe.

Tulimenya mananasi siku mbili, mikono ikawasha mpaka kwenye viwiko. Tukakamua, tukachuja, tukachemsha kidogo, tukapoza, tukatia hamira safi ya pakiti niliyoiagiza Mwanza makusudi, nikiwa nimesoma kila neno kwenye pakiti mara tatu. Dada akaliosha tangi la nne mwenyewe. Halafu akapata msiba Masumbwe, upande wa marehemu mumewe, akaondoka, akaniachia kazi ya kuangalia.

Ilikuwa miezi ile ya kipupwe, asubuhi unatoka na shuka begani. Siku ya kwanza maji ya nanasi yalitulia. Siku ya pili yalitulia. Siku ya tatu nilifunua nikatega sikio, hata pwaa hakuna. Wageni walikuwa wameshaalikwa. Nikamwona mume wangu akipita, hajasema kitu, lakini hata mwendo wake uliniudhi.

Pombe ya kwetu ikichelewa kuchacha huamshwa. Unachota kata moja ya machicha ya pombe iliyopita, yale mashapo ya chini yenye uhai, unaitia kwenye mpya, na kabla jua halijazama inaanza kuongea. Nimeona dada akifanya hivyo mara mia. Nilifanya hivyo mwenyewe nikiwa mtoto, nimesimama juu ya kigoda. Sikuwaza. Nilichukua kata, nikafungua bomba la chini la tangi la tatu, nikachota, nikamimina kwenye nanasi, nikakoroga, nikafunika. Jioni kifuniko kilikuwa kinapumua. Nikapiga makofi peke yangu. Ninaandika haya nikijua msomaji ameshaona nilichofanya. Mimi, mwenye cheti cha usindikaji wa vyakula kimetundikwa ukutani, sikuona.

Jumamosi ya kuonja, dada akiwa amesharudi kutoka msibani, ua ulijaa. Wenye baa watano walikuja, majirani, na hata yule mzee mchimbaji, aliyeitwa na dada mwenyewe. Dada alivaa gauni la kitenge alilokuwa hajalivaa tangu augue, maana lilikuwa limemlegea na sasa lilikuwa limemkaa. Akajaza kibuyu. Safari hii hakikuwa kidogo. Akakiinua, akanywa, akaendelea kunywa, koo likionekana linavyofanya kazi, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, akakigeuza chini juu, tone moja likaanguka. "Haya," akasema, "sijafa." Ua ukalipuka. Yule mzee akasimama, akaja mbele na kikombe chake, akakitoa kwa mikono miwili. "Mayu, wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Nipe cha kwanza."

Walipenda. Mmoja wa wenye baa alitaka kuondoka na ndoo. Mume wangu alikuja akasimama karibu nami, mikono mfukoni, akasema, "Nimeshindwa. Na nimefurahi." Nililala usingizi wa mtu aliyelipa fadhila.

Asubuhi ya Jumapili dada hakutoka chumbani. Nikamkuta amejikunja, kanga ameibana tumboni, uso umekuwa kijivu. Nilishaujua uso huo. Alisema kwa shida, "Hata nanasi." Nikamletea maji ya chumvi na sukari, nikamshika anapotapika. Katikati ya kumfuta ndipo akilini nikaiona ile kata mkononi mwangu, ile siku ya tatu, na bomba la tangi la bia. Nikakaa sakafuni.

Sikusema. Hapa sina cha kujitetea. Jumapili sikusema kwa sababu alikuwa anaumwa. Jumatatu sikusema kwa sababu alikuwa amelala. Jumanne alikuwa amekaa, amekunywa uji wa mtama, anaweza kusikia vizuri tu, na bado sikusema, kwa sababu niliogopa. Nilimwogopa yeye, nilimwogopa mume wangu, ambaye angekuwa na haki ya kusema kwamba kiwanda cha bia hakiwezi kupika kitu kisicho na shayiri hata wenye kiwanda wakitaka. Na nilijionea kinyaa. Mtu aliyenilea kwa pombe, mimi nimempa pombe ikamlaza.

Jumatano nikamkuta anafunga begi. Mwiko alikuwa ameshautia.

"Nanasi nalo limenikataa," akasema. "Si kosa lako, umejitahidi sana, Mungu akubariki. Ninarudi Masumbwe kulima mpunga. Mpunga haunitaki nionje mbele ya watu."

Alinishukuru. Hilo ndilo lililonivunja. Angenitukana pengine ningenyamaza siku moja zaidi. "Nanasi halijakukataa," nikasema. "Niliiamsha."

Akaacha kufunga zipu. "Uliiamsha na nini?"

"Kata moja ya machicha."

"Ya tangi lipi?"

"La tatu."

Akafikiri. "La tatu lilikuwa na ile bia nyeusi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulininywesha bia nyeusi mbele ya watu, mpaka nikakigeuza kibuyu."

"Ndiyo, dada."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikisubiri. Pale nje mtu alikuwa akisuuza makreti, nikawa nasikiliza maji. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu anayemkagua mwanafunzi, "Na nani alikufundisha kuamsha pombe kwa machicha?"

"Wewe."

Alikaa kitandani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikamsogelea, kumbe anacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili maana lilikuwa bado linamuuma, anacheka na kuugulia kwa zamu. "Nimejiua mwenyewe," akasema. "Nimefundisha mtu aje aniue. Wewe mtoto!" Nikaanza kulia na kucheka, tukashikana pale kama wendawazimu wawili. Kisha akanipiga kofi la mgongo, la kweli, lenye uzito. "Siku tatu umekaa nalo? Siku tatu mimi nalima mpunga kichwani?" Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Akasema basi, nisimchoshe, yeye ni mgonjwa.

Mume wangu tulimweleza pamoja. Alisikiliza akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, kisha akatoka nje, akarudi na ngazi. Akapanda mpaka kwenye mbao za paa, akapitisha kidole juu ya boriti, akashuka akatuonyesha. Kidole kilikuwa cheupe kwa vumbi la kimea. "Hata bila ile kata," akasema. "Humu vumbi liko kila mahali. Tumelipata jibu. Humu saida haifanyiki." Hakusema kwa kujigamba. Ningependa ajigambe, ningepata wa kumgombeza.

"Humu haifanyiki," dada akakubali. "Na Masumbwe je?"

Tukamgeukia. Alikuwa na nyumba kule, na stoo ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na marehemu, iliyowahi kuhifadhi mpunga na karanga tu. Shayiri haijawahi kuingia. Mananasi kutoka Geita yangefika kule yakiwa mapya zaidi kuliko yanavyofika kwetu. Alizungumza haraka, akihesabu madirisha kwa vidole, na mimi nikaelewa polepole, kama mtu anayesomewa barua, kwamba uamuzi tuliokuwa tukiuhangaikia, kwamba kiwanda kikue au kisikue, ulikuwa ni uamuzi wa kumwachia dada aondoke. Nilikuwa nimelitafuta tangi la nne ili abaki.

Nikasema maneno ya kitoto. Nikasema, "Na bia atapika nani?"

"Utapika wewe."

"Bia yangu ni chungu."

"Usiichemshe kama maharage."

Mume wangu alikuwa bado ameshika ngazi. Mtu aliyekataa tangi moja litolewe kwenye bia akasema, "Tangi la nne limefungwa kwa boliti nane. Linang'oka." Nikamtazama. Akaendelea, kwa hesabu zake za kupima mara mbili: mipira yote ya kuziba ibadilishwe, bomba libadilishwe, ndani tuchemshie maji ya magadi mara tatu. Alifanya yote mwenyewe, siku nne, ameingia mpaka kiunoni ndani ya tangi na brashi, nikisikia anakohoa mle ndani. Nilimwoa mtu huyu, au yeye alinioa, na kwa miaka nilidhani upole wake ni uoga. Ninamshukuru hapa kwa maandishi, kwa kuwa ana kwa ana atabadilisha mazungumzo.

Tangi likapakiwa kwenye fuso, likafungwa kamba. Dada akapanda mbele na begi lake. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikaishia kumwambia afunge kioo, kuna vumbi. Nilirudi bandani nikakuta nafasi ya tangi, sakafu pale ikiwa na rangi tofauti, nikachukua ufagio. Bia ya kwanza niliyopika peke yangu ilikuwa chungu kidogo. Jumamosi niliionja mbele ya watu, wakacheka na uso wangu, wakanywa. Ya pili ilikuwa afadhali.

Kibali kilichukua muda wake. Kilipotoka, dada akatuita Masumbwe kwenye pipa la kwanza. Getini nilimkuta amesimama na beseni la maji, sabuni, na kanga mbili. Hakunikumbatia. "Wewe umetoka kwenye shayiri," akasema. "Nawa mpaka kwenye viwiko. Nywele funga. Hizo nguo utaziacha hapa." Mume wangu alipewa msuli na tisheti ya mpira wa miguu iliyombana, akanawa bila kuuliza. Mtu aliyenivalisha sare za shule alinigeuza pale getini, akanikagua nyuma ya masikio. Sijawahi kutii kwa furaha kiasi kile.

Ua ulikuwa umefagiwa, watu wa Masumbwe wamekaa, wengine wamekuja kwa baiskeli, wengine wametoka tu kanisani. Hawakumjua kama mpishi. Walimjua kama mjane aliyeondoka akarudi. Wakakaa na vikombe vitupu magotini, wanamtazama mikono, maana desturi kule pia inajulikana. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Niliwaza kata, vumbi, nguo zangu pale getini, kama nimenawa vizuri nyuma ya kiwiko.

Akajaza kibuyu, akanywa, akakigeuza. Akagawa. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikamtazama saa nzima nikitafuta ule ukijivu usoni, mpaka akanifokea nisimkodolee macho mbele ya wageni. Akanywa cha pili, ambacho desturi haikumtaka. Akanywa cha tatu, ambacho hakuna aliyemtaka. Miaka yote ile ya Ngokolo, akiuza pombe mpaka wa mwisho aondoke, sikuwahi kumwona dada akinywa zaidi ya kile cha kutoa sumu. Alikuwa na mtoto wa kuamsha asubuhi kwenda shule. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya wateja wake, kanga imemteleza begani, anamweleza mume wangu kwa sauti kubwa kwamba watu wa Ushirombo hawajui kucheza ngoma, na alipotaka kusimama amwonyeshe, miguu ikakataa, akarudi kukaa kwa kishindo, akacheka mpaka machozi. Nikaenda nikamshika mkono nimpeleke ndani akalale.

"Niache," akasema. "Kesho simwamshi mtu."